Geji ya Oili Nilikuwa Mimi

Suji nzima, kijiji chetu cha milimani Upare, walijua mimi ni mkorofi. Sikatai, mdomo ninao. Lakini miaka ile walizidisha. Kila asubuhi wanawake waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji walinisikia nikimfokea mume wangu: "Novatus! Chai! Nasema chai ipo mezani!" Walisimama penye uzio wakaguna, wakaendelea na safari yao. Mama mkwe wangu aliwaambia watu baada ya misa kwamba mwanawe ameoa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Nikacheka nao. Ningefanya nini?

Novatus alikuwa hasikii. Hapo ndipo penye mambo yote.

Ujana wake aliumalizia kwenye shamba la mkonge bondeni, amesimama kando ya korona, ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge yatoke nyuzi. Inanguruma mpaka meno yanacheza kinywani. Baadaye meneja wa shamba, Mgiriki mmoja mwenye tumbo, akamtoa pale akamfanya dereva wake. Lakini masikio yalikuwa yameshaanza kuondoka. Lilipokuja Azimio la Arusha na mashamba yakawa mali ya umma, Novatus alikuwa anasikia tu ukimpigia kelele, tena awe anauona mdomo wako.

Kijiji chetu cha ujamaa kilipopata lori, mtu mwenye leseni alikuwa yeye peke yake. Dereva wa lori la kijiji! Jamani, nyie wa siku hizi hamwezi kujua maana yake. Akipita watu wanasimama. Wazee wanamwita kwa jina, yeye anawaambia "shikamoo" kabla hawajafungua mdomo, ili wasimsemeshe jambo jingine asilolisikia. Kiziwi hapewi lori, hilo lilijulikana. Wakijua tu, leseni inakwenda, na Novatus bila usukani alikuwa anajiona si mtu. Aliniambia hivyo mwenyewe, akalia, siku ya pili tu baada ya ndoa yetu. Basi nikawa nafoka. Watu wakadhani ninamdharau, kumbe nilikuwa namsitiri. Na iliniuma, msidhani haikuniuma.

Mgiriki alipofunga virago alimwachia Novatus kigari chake. Kilikuwa gari la mbio, jekundu, viti viwili tu na paa la turubai, kimekaa chini mno. Kwenye barabara yetu ya mlimani kiliburura tumbo juu ya mawe, ndiyo maana watoto wakakiita Mjusi. Kilikuwa kimezeeka. Novatus alikipenda kuliko kitu chochote, na mimi sijui kama nimo kwenye hesabu hiyo. Kila Jumamosi kilioshwa. Mimi je, nani aliniosha?

Sasa nisikilizeni, maana bila hili hamtaelewa. Gari lile lilikuwa na swichi mbili za kupima presha ya oili, zimefungwa ubavuni mwa injini. Moja inawasha taa nyekundu oili ikiishiwa nguvu, nyingine inasukuma mshale wa geji. Oili ikikosa presha vyuma vinasagana vikavu, injini inanoki, inajifunga, kwisha habari. Swichi ya taa ndiyo iliyotangulia kufa. Taa ikawa inawaka asubuhi mpaka jioni, uwe na oili usiwe nayo. Halafu ya geji nayo ikaharibika, mshale ukalala kwenye sifuri ukagoma kuamka. Vipuri havikuwapo, si Moshi, si Tanga. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, nani angeagiza swichi ya gari la anasa?

Dereva mwingine angesikiliza tu. Oili ikipungua nguvu injini inaanza kugonga juu, tiki tiki tiki, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sinia. Ukipuuza, inagonga chini, mlio mzito, na hapo umeshachelewa. Lakini Novatus angesikiliza kwa kitu gani? Mikono yake iliuhisi mtetemo wa usukani, ila mtetemo unapofika mikononi vyuma vimeshaanza kuliwa. Basi akanifundisha mimi. Nikawa nakaa kiti cha pili, sikio kwenye injini, na nikisikia tiki tiki namfinya paja. Watu walituona tunapita wakasema tazama Hedwiga anavyojidai kwenye gari la Mzungu. Ati kujidai! Nilikuwa kazini.

Mimba ile ilikuwa ya tatu. Wawili wa kwanza nilijifungulia nyumbani, wote walikuja kwa matako, wote walitoka kimya. Hawakulia. Novatus alisimama nje ya mlango mara zote mbili, na mara zote mbili ilibidi mtu atoke amwambie kwa ishara. Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Anaeli, mkunga wetu, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, aliniambia mapema: "Hedwiga, huyu asizaliwe mikononi mwangu. Uchungu ukianza tu, Same, hospitali." Mpango ulikuwa lori la kijiji. Na uchungu ukaja Jumapili mchana, lori likiwa Tanga kufuata mbegu, na dereva wa kuazima kutoka Same, ili Novatus asiwe mbali nami. Tazama mambo hayo!

Anaeli alinipapasa tumbo akabadilika uso. "Kakaa vile vile," akasema. "Matako chini. Ondokeni sasa hivi."

"Twende naye," Novatus akasema, akimnyooshea Anaeli kidole.

"Nitakaa wapi, baba? Juu ya boneti?"

Viti vilikuwa viwili. Nikaingia mimi, nimekalia gunia la mkonge lililokunjwa, kwa sababu Novatus aliogopa nitachafua kiti. Ndiyo, hata siku ile! Nilimtazama kwa jicho ambalo kama lingekuwa panga lingemkata. Mama mkwe alikuja mpaka dirishani akaniambia maneno ambayo kila mwanamke wa Upare aliambiwa na mama yake: "Usipige kelele, mwanangu. Mwanamke analia kwa moyo, si kwa mdomo." Nikamjibu moyoni kwamba mimi nitapiga kelele mpaka Kilimanjaro isikie. Nilikuwa nimeiwekea nia muda mrefu.

Lakini Novatus alipoinama kufunga mlango wangu akasema taratibu, kwa ile sauti yake isiyojua kama ni kubwa au ndogo: "Mke wangu, ukilia, nani atasikiliza injini?"

Kweli. Injini ikinoki njiani, Jumapili mchana, kwenye ile nyika, nazaa mtoto wa matako kando ya barabara mbele ya mbuzi. Mtoto huyu wa tatu angetoka kimya kama wenzake. Nikafunga mdomo.

Tulishuka mlima injini ikiwa imezimwa. Novatus alisema tuitunze oili, maana kuna mahali ilikuwa inavuja. "Inavuja wapi?" nikamuuliza, uso kwa uso. Akatazama pembeni. Nikamvuta kidevu. "Wapi?"

"Kwenye swichi. Nilitoa ile mbovu nikaweka ya lori. Haikukaa sawasawa, ikawa inacheza. Nikaiziba."

"Kwa kitu gani?"

"Jasi."

Mtume! Hawa watu wa Makanya kule bondeni, kwa vile wanachimba jasi, ule udongo mweupe wa plasta, basi kila kitu kwao kinazibwa kwa jasi. Tangi likitoboka, jasi. Ukuta ukipasuka, jasi. Jino likitoboka wangejaza jasi. Na mume wangu alikuwa na rafiki kule, na rafiki ndiye aliyemshauri, na yeye akakubali. "Imekauka kama jiwe," akaniambia, tena kwa fahari. Nilitaka kumtukana, lakini uchungu ukanishika katikati ya neno, nikamkamata paja kwa nguvu zangu zote.

Akakanyaga breki. Gari likateleza, mawe yakaruka bondeni, tukasimama tairi la mbele likiwa ukingoni kabisa. Chini yetu niliona mabati ya watu yamekuwa madogo kama vifuniko vya sufuria.

"Injini?" akauliza, macho yamemtoka.

"Injini imezimwa, Novatus! Ni mimi!"

Alikuwa amesahau. Woga ulimpanda mpaka akasahau kwamba gari linateremka lenyewe. Tukakubaliana pale pale: uchungu wangu nishike mlango, paja lake niliache kwa ajili ya injini. Mlango wa Mjusi mpaka leo naukumbuka, ulikuwa na chuma cha kupandishia kioo, nikawa nauma meno na kukiminya hicho.

Tulipofika bondeni Makanya akawasha. Injini ilinguruma vizuri, nikashukuru. Barabara kuu ilikuwa tupu, joto linacheza juu ya lami, upande mmoja reli, upande mwingine mkonge mistari kwa mistari. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka, na kila unapokuja masikio yangu yalikuwa yanaziba, nasikia damu yangu tu. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko maumivu. Nilikuwa nasubiri upite ili nijue kama gari bado zima. Sijawahi kusikiliza kitu kama nilivyosikiliza siku ile. Nilitamani kupiga yowe, nikakiminya kile chuma cha mlango.

Uchungu mmoja ukapita, na nilipofungua masikio niliikuta: tiki tiki tiki.

Nikamfinya. Akasimama pembeni, akazima, akafungua boneti. Moshi. Oili ilikuwa imetapakaa ubavu mzima wa injini, na ile jasi yake ya fahari imekuwa uji, inachuruzika nyeupe na nyeusi. Swichi inacheza ndani ya tundu kama jino la mtoto.

"Imeyeyuka," akasema, ameshika kichwa.

"Ulitegemea nini? Ziba! Ziba kwa kitu chochote!"

Akageuka huku na huku. Halafu akaja upande wangu, akaingiza mkono chini yangu, akaanza kuchambua nyuzi kutoka kwenye gunia nililokalia. Gunia lilikuwa limelowa maji yangu, chupa ilikuwa imeshapasuka sijui saa ngapi. Alivuta nyuzi zile, akazisokota, akazizungusha kwenye swichi tabaka juu ya tabaka, akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Vidole vilimwungua, nikaona ngozi inageuka rangi. Akamimina oili yote iliyokuwamo kwenye kopo, nayo haikuwa nyingi. Akawasha, akanitazama mdomoni.

Nikasikiliza. Kimya kizuri. "Twende," nikamwambia.

Hatukufika mbali. Polisi walikuwa wameweka mti barabarani. Nilikuwa nimesahau kabisa! Serikali ilikuwa imepiga marufuku magari kutembea Jumapili alasiri, kubana mafuta, na sisi tumo kwenye kigari chekundu cha starehe. Afande mmoja, jina lake nililijua baadaye kuwa Chande, mtu wa pwani, akaja kwa nyuma upande wa Novatus.

"Zima gari."

Novatus anatazama mbele. Hakumwona.

"Wee bwana, zima gari!"

Novatus anatazama ule mti, anasubiri uinuliwe. Afande akapiga bodi kwa kiganja. "Unanidharau? Leta leseni!" Mimi nimeshikwa na uchungu mkubwa kuliko yote, siwezi kusema, siwezi hata kuinua mkono, na ulipoanza tu kulegea nikasikia tena, ndani ya injini inayonguruma taratibu, kwa mbali, tiki, tiki. Presha ilikuwa inashuka. Nilijitupa mbele nikazima ufunguo mwenyewe. Novatus akashtuka, akageuka, ndipo akamwona askari.

"Afande, nisamehe," nikasema nilipopata pumzi. "Mume wangu ana jino. Limemvimba, hata kusema hawezi. Na mimi, unaniona."

Chande akainama, akaniona. Akaliona na gunia. Hasira zikamwisha, lakini hakuwa mjinga. Alimtazama Novatus kwa muda. Kisha akasogea nyuma ya kichwa chake na kusema kwa sauti ya kawaida: "Una leseni, bwana?" Novatus hakugeuka.

"Nitawafuata na pikipiki," Chande akasema. "Mkifika tutazungumza. Toeni huo mti!"

Kutoka pale mpaka Same ndiko nilikofanya kazi ya kweli. Tiki tiki ilirudi kabla hatujaanza hata kuuona mji. Mkono wangu ulikwenda kwenye paja lake. Ukasimama hewani.

Nikimfinya atasimama. Akisimama, oili ya kuongeza hatuna. Tungekaa pale tunaitazama injini inapoa, na mtoto anashuka, nilikuwa namhisi anashuka. Nisipomfinya, injini inakufa, na ile injini ndiyo kitu pekee duniani ambacho Novatus aliweza kukiita chake. Sikufikiri sana, nawaambia ukweli. Niliurudisha mkono wangu tumboni.

Akanitazama, akainua nyusi: vipi?

"Injini nzima kabisa!" nikamwambia, nikatabasamu. "Haina neno! Kanyaga!"

Akakanyaga. Tiki tiki ikawa nzito, ikashuka chini, ikawa goo, goo, goo, kama mtu anavunja jiwe ndani ya boneti. Usukani ulianza kutetemeka, niliona mikono yake inatetemeka nao. Hapo alijua. Mikono yake ilikuwa imemwambia. Alinigeukia, tukatazamana, na mimi nikaendelea kutabasamu kama mjinga, machozi yananitoka. Hakuondoa mguu. Aliukandamiza zaidi.

Injini ilinoki kwenye lango la hospitali. Ilitoa mlio mmoja mbaya, ikajifunga, magurudumu yakaburuzika. Novatus alinibeba. Hakugeuka kulitazama gari.

Manesi walinipokea mlangoni, yeye akaachwa barazani na yule afande aliyekuwa anashuka kwenye pikipiki. Kati yetu palikuwa na pazia tu. Nilizaa mbele ya nesi mkubwa na mwenzake, wananiambia usisukume, sasa sukuma, na mimi bado nilikuwa kimya. Nadhani nilikuwa nimesahau jinsi ya kupiga kelele. Matako yakatoka kwanza, halafu miguu na mwili, halafu kichwa kikachelewa. Nikaona nesi mkubwa amekunja uso. Akamvuta mtoto, akamgeuza kichwa chini, akampiga makofi mgongoni. Hakuna kitu. Akamfuta pua, akampiga tena. Nilijua ukimya ule. Niliujua kwa majina yake yote mawili.

Nikamsikia Novatus nyuma ya pazia. Alikuwa ameona vivuli vyetu, na hakuna aliyetoka kumpa ishara. Alipaza sauti mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakainuka vitandani.

"Dada! Mimi ni kiziwi! Sisikii kitu! Tafadhali mtu aniambie, mtoto amelia?"

Pazia lilikuwa limesogea kidogo, nikamwona. Chande alikuwa amesimama ubavuni mwake. Novatus alijua kwamba yupo. Aliingiza vidole vyake vilivyoungua mfukoni, akatoa leseni, akamnyooshea bila kumtazama, macho yake kwenye pazia. Ilikuwa kama anatoa nauli. "Chukua," akasema. "Chukua, ila muulize nesi kwa niaba yangu. Amelia?"

Chande alipokea ile leseni, akainamisha kichwa. Aliinamia sakafu, Novatus akakosa mdomo wa kuusoma. Nesi wa pili naye alikuwa amempa mgongo.

Na hapo mtoto akakohoa. Akakohoa tena, akalia. Kilio chembamba, cha hasira, kama cha mtu aliyeamshwa vibaya.

Wote tulimsikia isipokuwa baba yake. Alikuwa amesimama pale, mikono mitupu, anazungusha macho kutoka uso hadi uso, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mimi nikajiinua kwa viwiko. Nesi akasema lala, mama, utaumia. Nikamwambia niache.

"Novatus!" nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele vile, kabla wala baada. "Novatus! Amelia! Mtoto wako analia!"

Akageuka. Safari hii alinisikia.